Udongo husafiri na maji: kisa cha saikloni ya kuoshea mchanga, Dar es Salaam

Mtambo ninaouzungumzia uko pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa vilima vya Pugu. Jina la mwenye mali, mahali hasa ulipo na mteja aliyerudisha mchanga nimeviondoa. Takwimu nimezikaribisha kwenye namba rahisi, lakini uwiano wake ni uleule tuliopima. Nakiandika kisa hiki kwa sababu nimekutana na tatizo hilihili, mchanga uliooshwa kubaki na udongo mwingi, kwenye mitambo mingine, na karibu kila mara watu huanza kwa kununua pampu.

Mazingira

Mchanga unaooshwa hapo ni wa shimo, si wa mto. Mchanga wa shimo wa upande ule una udongo mweupe laini, kaolini ileile ambayo Pugu inajulikana nayo. Katika kila tani 100 zinazoingia mtamboni, tani 15 hivi ni udongo na vumbi linalopita kwenye chekeche ya maikroni 75 (milimita 0.075). Mafundi wa tofali hawalalamiki sana, ila mteja wa zege la kuchanganywa kiwandani hakubali. Udongo huo hufunika punje za mchanga, saruji ikakosa pa kushika. Pia hunywa maji mengi, na zege lililoongezewa maji hupoteza nguvu na kupasuka linapokauka. Kiwango cha Marekani cha ASTM C33 cha mchanga na kokoto za zege, ambacho mteja huyu alikitumia, kinaruhusu asilimia 3 tu kwa zege litakalosuguliwa, kama sakafu za maghala, na asilimia 5 kwa zege lingine.

Mtambo ni wa kawaida. Mkanda unalisha tani 60 kwa saa. Mchanga unachanganywa na maji kwenye tangi, pampu inasukuma rojo hilo juu hadi kwenye saikloni moja (chombo kinachotenganisha mchanga na maji ya tope kwa kuzungusha rojo) yenye kipenyo cha milimita 500, mchanga uliooshwa unadondoka moja kwa moja kwenye lundo, na maji ya tope yanashuka kwa bomba hadi bwawa la kutuama, kisha yanarudishwa kutumika tena. Hakuna chekeche ya kukamulia maji. Kwa hiyo maji yoyote yanayoshuka pamoja na mchanga hujichuja ndani ya lundo lenyewe na kuacha udongo wake humohumo. Msomaji aikumbuke hali hii, kwa sababu kisa kizima kinaizunguka.

Saikloni inafanyaje kazi

Haina kitu kinachozunguka ndani yake. Hati ya kwanza ya ubunifu wake ilitolewa Marekani mwaka 1891, na umbo halijabadilika sana tangu hapo: pipa fupi juu, koni chini. Rojo huingia kwa ubavuni likiwa na kasi na kulazimika kuzunguka. Punje nzito husukumwa ukutani, zikashuka kwa mzunguko hadi mdomo wa chini, ambao opareta wengi huuita nozeli. Maji na chembe laini hugeuka katikati na kupanda kupitia bomba la kati lililoning'inia kutoka kwenye kifuniko. Katikati kabisa hubaki kiini cha hewa, safu nyembamba ya hewa kutoka chini hadi juu. Kiini hicho kikipotea, saikloni haitenganishi tena.

Vipimo vya kuanzia vinajulikana. Bomba la kati huwa karibu asilimia 35 ya kipenyo cha saikloni, mlango wa kuingilia huwa na eneo la karibu asilimia 5 ya mraba wa kipenyo, koni ina pembe ya nyuzi 10 hadi 20, na mdomo wa chini unaweza kuwa popote kati ya asilimia 10 na 35 ya kipenyo. Upana huo wa mwisho ndio unaoacha nafasi ya kurekebisha, na ndio unaoacha pia nafasi ya kuharibu.

Kilichotokea kabla sijaitwa

Mteja alirudisha mizigo mitatu mfululizo. Maabara ilisoma asilimia 6.8 ya udongo. Msimamizi wa mtambo, mtu mwangalifu mwenye miaka mingi kwenye kazi hiyo, aliona mchanga unatoka na maji mengi, akaamua kubana mdomo wa chini. Aliuondoa uliokuwepo na kufunga wa milimita 70.

Matokeo ya siku ileile yalimfurahisha kila mtu. Mchanga ulitoka mkavu, mweupe, umeshikana. Opareta alinieleza baadaye, "Injinia, ulikuwa unatoka kama kamba, unausikia unaanguka pu, pu, pu." Maabara ikasoma asilimia 2 na mteja akapokea mzigo.

Daftari la getini lilionyesha tipa tano pungufu kwa siku, lakini pale ofisini waliona ni sawa: uchafu umeondoka, lazima uzito upungue. Hesabu hiyo ilikuwa na kosa ambalo lingeweza kuonekana kwa kalamu na karatasi. Udongo wote unaoingia ni tani 9 kwa saa, na hapo mwanzo tani tatu na kitu tu ndizo zilizokuwa zikibaki kwenye mchanga. Tipa tano za tani 15 ni tani 75 kwa siku ya saa nane, yaani zaidi ya tani 9 kila saa. Hata kama kila chembe ya udongo iliyokuwa kwenye lundo ingeondolewa, upungufu usingefika nusu ya huo.

Wiki ya tatu bwawa lilijaa. Maji yalipita juu ya tuta na kuingia kwenye bustani ya mchicha ya jirani wa chini. Walipochimba hawakukuta tope pekee, walikuta mchanga mzuri wa kujengea, mwingine mkubwa kama punje ya mtama. Ile kamba iliyowafurahisha ilikuwa dalili ya mdomo ulioelemewa. Mchanga uliokosa njia ya kutokea chini ulijaza koni, kiini cha hewa kikafa, na uliobaki ukabebwa juu na maji hadi bwawani.

Wakamlipa jirani fidia ya mboga, wakarudisha mdomo wa zamani. Mwenye mtambo akapata bei ya pampu kubwa zaidi, na kabla ya kulipia akanipigia simu.

Kupima kabla ya kushika spana

Niliomba siku moja ya kupima tu, mtambo ukiendeshwa kama kila siku. Vifaa vilikuwa pipa la lita 200, jagi la lita moja, mzani wa duka, saa ya simu, na geji mpya ya presha kwa sababu ya zamani ilikuwa imeziba kwa tope na sindano yake haikucheza hata pampu ilipozimwa.

Tulikinga mtiririko wa chini na wa juu kwa wakati mmoja. Hilo ni la lazima, kwani ukikinga wa chini asubuhi na wa juu mchana, unalinganisha mitambo miwili tofauti. Pipa la chini lilijaa kwa sekunde 12, sawa na mita za ujazo 60 kwa saa. La juu lilijaa kwa sekunde 10 na kidogo, karibu mita za ujazo 70. Jumla 130. Lita moja ya rojo linaloingia ilikuwa na uzito wa kilo 1.29, na ya chini kilo 1.52.

Uzito wa lita moja unasema mengi, maana punje za mchanga zina uzito wa karibu mara 2.65 ya maji. Kutokana na namba hizo nne, mtiririko wa chini ulikuwa asilimia 55 mchanga na asilimia 45 maji kwa uzito. Maji yaliyoshuka na mchanga yalikuwa tani 41 kwa saa, na yaliyoingia kwenye saikloni yalikuwa tani 107. Asilimia 38 ya maji yote yalikuwa yanatokea chini.

Hapo niliona kisa chote. Chembe za udongo ni laini mno hata mzunguko hauziwezi, huenda popote maji yanakoenda. Maji yakigawanyika asilimia 38 chini na 62 juu, udongo nao hugawanyika hivyohivyo. Asilimia 38 ya tani 9 ni tani 3.4, na ukiziweka kwenye mchanga wa tani 50 unapata asilimia 6.8. Ndiyo namba ya maabara, bila kuhitaji sababu nyingine.

Kisha tukafungua saikloni. Mdomo ambao kila mtu aliuita "wa tisini" ulisoma milimita 105 kwenye kalipa. Mpira wake ulikuwa umeliwa upande mmoja hadi chuma kikaonekana, na tundu lilikuwa na umbo la yai. Hakuna aliyewahi kuupima tangu ulipofungwa.

Geji nayo ilikuwa na la kusema. Sindano ilirukaruka kati ya bar 0.1 na 0.5, wastani kama 0.3. Nikaenda kwenye tangi la pampu, nikakuta maji yako chini kiasi kwamba pampu ilikuwa inavuta hewa kila baada ya sekunde chache. Valvu ya maji ya nyongeza ilikuwa imefungwa nusu, na mikanda ya pampu ilikuwa inateleza. Nilimuuliza opareta kwa nini valvu imebanwa. Jibu lake lilikuwa la maana kabisa: "Mzee, tukifungua maji yote bwawa linajaa haraka, na bwawa likijaa tunasimamishwa kazi." Alikuwa analinda bwawa kwa gharama ya saikloni, na hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba vitu hivyo vimefungamana.

Maamuzi na sababu zake

Kwanza tuliacha habari ya pampu kubwa. Makadirio yanayotumika sana ya saikloni za kawaida yanaonyesha kwamba ukizidisha presha mara mbili, mpaka wa utenganisho, yaani ukubwa wa punje yenye nafasi sawa ya kwenda juu au chini, hushuka kwa asilimia 18 tu. Mtiririko hukua kwa kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo nguvu inayohitajika hufika karibu mara tatu. Umeme ungepanda na mpira wa ndani ungeliwa haraka zaidi. Zaidi ya hayo, tangi linalokauka lingeipa pampu kubwa hewa nyingi zaidi ya kumeza.

Pili, tuliamua kuongeza maji kwenye rojo linaloingia. Lengo lilikuwa mita za ujazo 200 kwa saa kwa presha ya bar 0.7, lita moja ikiwa na kilo 1.19. Hili lilimshangaza mwenye mtambo: unawezaje kupunguza maji kwenye mchanga kwa kuongeza maji? Nilimchorea chini kwa kijiti. Mchanga ukiwa uleule, mdomo wa chini ukiwa umewekwa sawa, maji yanayoshuka nao hayazidi kiasi fulani. Ya ziada yote hupanda na kuondoka na udongo. Kwa makadirio yaleyale, rojo jepesi na presha hiyo vilikuwa vinashusha mpaka wa utenganisho kutoka karibu maikroni 84 hadi 53, hivyo mchanga laini uliokuwa unapotelea bwawani nao ungerudi kwenye lundo.

Ili tangi lisikauke tuliweka boya kama la tangi la maji la nyumbani, kubwa zaidi tu, lenye kufungua valvu yenyewe maji yanaposhuka. Mikanda ikabadilishwa.

Tatu, mdomo wa chini. Sikutaka kuagiza wa mpira bila kujua ukubwa sahihi, kwa sababu ukishaagiza unasubiri wiki na umeshalipa. Tulikwenda kwa fundi wa mashine mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, akachonga midomo mitatu ya chuma cha kawaida: milimita 80, 85 na 90. Chuma kile hakidumu kwenye mchanga, lakini kwa majaribio ya siku chache kinatosha na bei yake ni ndogo sana.

Siku mbili zilizopotea

Hapa kuna kosa langu na naliandika kama lilivyo. Siku moja tulifungua maji yote na tukabadilisha mdomo. Tulipowasha, mwavuli ulionekana kwa dakika kadhaa, mchanga ukitawanyika vizuri kutoka mdomoni kwa pembe ya nyuzi 20 au 30 hivi, kama inavyotakiwa. Kisha ukanywea. Kwenye ndoo ya mtiririko wa juu nilipitisha vidole nikashika punje za mchanga, si tope.

Nilidhani mdomo wa 85 ni mdogo, nikafunga wa 90. Hali ileile. Nikafunga wa 80, ikawa mbaya zaidi. Kwa kuwa nilibadilisha mambo mawili kwa pamoja, sikuweza kujua ni lipi linaloniadhibu.

Jibu lilikuwa kwenye bomba linaloshusha maji ya juu hadi bwawani, bomba la inchi 8 linaloshuka mita sita bila tundu la hewa popote. Mtiririko ulipokuwa mdogo bomba halikujaa, kwa hiyo halikuleta shida. Tulipofikisha mita za ujazo 200 kwa saa likajaa hadi mwisho na kuanza kuvuta, kama mrija unavyovuta mafuta kutoka kwenye pipa. Lilikuwa linanyonya saikloni kutoka juu na kupandisha mchanga uliopaswa kushuka. Fundi alitoboa tundu la inchi mbili juu ya kona ya kwanza. Hewa iliingia kwa mluzi mkali, kila mtu akageuka, na kabla ya kuchomelea kipande cha bomba la kupumulia tayari mwavuli ulikuwa umefunguka tena kule chini.

Baada ya hapo mdomo wa 85 ulionyesha ubora wake ndani ya saa moja.

Matokeo

Pipa la chini lilijaa kwa sekunde 17 na nusu badala ya 12. Lita moja ya mtiririko huo ilifika kilo 1.77, yaani asilimia 70 mchanga. Maji yanayoshuka yalikuwa tani 22 kwa saa kati ya tani 177 zinazoingia, asilimia 12 na kidogo. Hesabu ilitabiri udongo wa asilimia 2.2 kwenye lundo. Maabara ilisoma 2.6.

Tofauti hiyo ndogo ina chanzo chake, nitaieleza chini. Kitu kilichomgusa zaidi mwenye mtambo ni daftari la getini. Tani zinazotoka kwa saa karibu hazikubadilika, 50 na kidogo hapo mwanzo na 51 sasa. Tani mbili na kitu za udongo zilikuwa zimetoka kwenye lundo, na mahali pake pakaingia mchanga laini uliokuwa ukienda kuzikwa bwawani. Pampu ni ileile. Gharama zilikuwa boya, mikanda, geji, vipande vitatu vya chuma, mdomo mmoja wa mpira ulioagizwa baadaye kwa ukubwa tuliokwishauthibitisha, na tundu moja kwenye bomba.

Uchambuzi

Jambo lililotuokoa ni kukinga mitiririko miwili kwa pamoja na kupima uzito wa lita. Bila hivyo tungebaki kubishana kuhusu pampu. Nawasihi wenzangu mnaofanya kazi hizi: msikubali kubadilisha chochote kwenye saikloni kabla ya kujua asilimia ya maji yanayotokea chini. Mpaka wa utenganisho ndio watu hupenda kuuzungumzia, na ni muhimu kwa mchanga laini, ila kwa udongo wa kaolini karibu hauna kauli.

Midomo ya chuma ya majaribio ilikuwa uamuzi mzuri. Boya pia, kwa sababu limemwondolea opareta mzigo wa kuchagua kati ya bwawa na saikloni.

Msimamizi aliyebana mdomo hakukosea mwelekeo. Maji ya chini yalihitaji kupungua kweli. Alikosa alama ya kumwambia amefika mwisho, na alama hiyo iko wazi kwa macho: mwavuli ukigeuka kamba, umepita. Kwa kazi hii mahali pazuri pa kusimama ni karibu na kamba bila kuifikia, na kwa kuwa mpira unaliwa kila siku, mahali hapo huhamahama. Sasa kuna fimbo mbili zilizochongwa, moja ya milimita 85 na nyingine ya 92. Kila Jumamosi mtambo ukizimwa opareta huzijaribu mdomoni. Ya 92 ikipita, mdomo unabadilishwa bila kusubiri maabara.

Upande wangu, kubadilisha maji na mdomo siku moja kulinipotezea siku mbili, na ningepaswa kulitazama bomba la juu kabla ya kuongeza mtiririko. Bomba refu linaloshuka bila tundu la hewa ni jambo la kukagua siku ya kwanza, hata kama halileti shida wakati huo.

Kitu ambacho hatukukitatua ni maji ya kurudi. Kinywa cha pampu ya bwawani kiko karibu mno na mahali tope linapoingilia, hivyo maji hurudi mtamboni yakiwa bado yamebeba kaolini, ambayo hutuama kwa shida. Ndiyo iliyofanya maabara isome 2.6 badala ya 2.2. Masika ilipoanza, maji ya mvua yalipochochea bwawa, ilipanda hadi 2.9. Tumechora ukuta wa kugawa bwawa katikati ili maji yasafiri mwendo mrefu kabla ya kurudi, na tumejaribu dawa ya kutuamisha tope kwenye chupa sita zilizopangwa dirishani kwa msimamizi. Mbili zilikuwa safi chini ya dakika kumi. Ukuta unasubiri mvua ziishe.